Kikombe cha Mtani

Kufikia saa nne asubuhi Arlène alikuwa ameharisha mara kumi na moja, na kikombe kilichowekwa kando ya kitanda chake tangu alfajiri kilikuwa bado kimejaa. Agness, mama yake, hakuweza kukiangalia wala kuacha kukiangalia. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi na sukari, yaleyale ambayo wagonjwa wengine wa hema lile waliyagombania. Binti yake, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa amelalia ubavu akitazama turubai, midomo imebanwa, macho yameanza kuzama.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia kisiwani Chisenga pamoja na mvua za Februari, mwaka ule wa tisini na tisa. Dripu ziliisha jana yake. Lackson, muuguzi mrefu aliyekuwa hajalala siku tatu, alituma watu Nchelenge, ng'ambo ya ziwa, kuleta nyingine, lakini ziwa lilikuwa limechafuka, na mashua isingerudi kabla ya saa tisa au saa kumi. Mpaka hapo dawa ilikuwa moja tu, kunywa.

"Bamayo, kila akitoka, kikombe kimoja," alimwambia Agness. "Asipokunywa, hiyo mashua haitamkuta." Hakuzungusha maneno, na Agness alimshukuru kwa hilo na kumchukia papo hapo.

Mtu asiyemjua Arlène atauliza: mgonjwa ana kiu, maji yapo, kinachomzuia ni nini? Watu wa Chisenga waliuliza hivyo miaka yote, na wengi walijijibu wenyewe, maana kujibu ni kazi nyepesi ukiwa huishi na mtoto mwenyewe. Arlène alijua kushona wavu uliochanika usione mshono ulipo, na hakufundishwa na mtu. Injini ya mashua ya baba yake, Fabien, aliifungua na kuifunga akiwa na miaka kumi. Lakini mwambie, "Arlène, shona huu wavu," na mikono ile ile ilikufa ganzi. Mwambie, "Kula," na njaa yake yote, atasukuma sahani. Mwambie, "Twende tukaoge ziwani," na ziwa analipenda kuliko kitu chochote, atajificha chini ya kitanda. Ukizidi kumbana, alianza kwa mzaha, akaja uongo, akajifanya kiwete, na mwisho alipiga kelele, akang'ata, akakimbia. Walimu walimchapa. Kikundi cha maombi kilimwombea siku tatu mfululizo, na siku ya nne akawatoroka kupitia dirishani. Shangazi za Fabien walisema ni mjeuri, dawa yake kiboko. Agness naye aliamini hivyo, na kandambili zake zilifanya kazi hiyo miaka mingi kabla hajachoka.

Halafu akaja Clotilde. Huyu alivuka ziwa mwaka uliotangulia, vita vilipoanza upya huko kwao, na begi lake halikuwa na nguo, lilikuwa na madaftari. Alisomea saikolojia Lubumbashi. Hapo Chisenga alianika chisense mchangani kama wanawake wengine, vidagaa vyenyewe vikimcheka kwa jinsi alivyovigeuza. Alikuwa na somo moja alilolipenda, lililoletwa darasani na mwalimu wake kutoka ng'ambo. Lilisema usipigane na maumivu yaliyo ndani yako. Yaite kwa jina, yape mahali pa kukaa, kisha endelea na kile unachokithamini.

Alianza kumfundisha Arlène. Funga macho, alimwambia. Shusha pumzi. Uone woga wako unavyoelea juu ya maji. Arlène alimsikiliza kwa adabu kabisa, kisha akatoka nje, na walimpata kesho yake kwenye matete upande wa pili wa kisiwa. Clotilde alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mama Arlène, mi ni mujinga," alisema. "Mutoto anaogopa amri, na dawa yenye nimemuletea iko amri tupu. Fanya hivi, fanya vile. Tutaipindua. Tutaanza na we."

Kwa hiyo ni Agness aliyekuwa mwanafunzi. Hasira ilipompanda kooni aliambiwa aikaribishe, aipe kiti, na asiitume kinywani. Nyumbani amri zilikoma. Ugali ukiiva alisema tu, "Bukari iko ku meza," kisha akaenda zake. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa moja, na Clotilde hakumficha. "Lazima ukubali kabisa kama anaweza kukosa kula. Ukimuwekea bukari sawa chambo, atasikia ndoano mbele ya kuona chakula." Miezi minne walikaa hivyo, na nyumba ilitulia, na siku moja Arlène alishona nyavu tatu bila mtu kusema neno.

Lakini bukari ikipoa, inapoa tu. Mama anakubalije binti yake akose maji ya kumponya? Tangu alfajiri Agness alikuwa amesema mara moja, "Mayi iko hapa," akanyamaza, mikono mapajani kama mtu aliye kanisani. Kimya chake kilikuwa cha uongo na alikijua. Kila kiungo chake kilikuwa kinapiga kelele kunywa, kunywa, na mtoto anayesikia ndoano kabla ya chakula angekosaje kusikia kelele hizo?

Saa nne na nusu aliona vidole vya Arlène. Vilikuwa vimekunjamana ngozi kama vya mfuaji nguo. Agness akavunjika.

"Kunywa," alisema. "Arlène, nakuomba, kunywa. Kunywa sasa."

Alimshika taya. Lackson akaja mbio akamshika mabega, kijiko mkononi. Meno yalikuwa yamefungwa. Maji yakamwingia puani, akapaliwa, akajitupa, na meno yalipofunguka yalifungukia kidole cha Lackson. Kikombe kikaenda chini. Arlène akajivuta hadi kona ya kitanda, akajifunika kitenge kichwa kizima.

Agness alimgeukia Clotilde, ambaye tangu juzi alikuwa akisaidia kubeba ndoo hemani. Alitaka neno moja tu la kushikilia. Uso wa Clotilde ulikuwa umepauka.

"Pengine tumufunge mikono," Clotilde alinong'ona. "Mi sijue tena, Mama Arlène. Mu madaftari yangu kipindupindu haimo."

"Meno nayo tutafunga na nini?" Agness alimuuliza.

Lackson alikuwa amekwenda kufunga kidole chake, na alikuwa anarudi na bandeji ndefu zaidi ya zilizohitajika kwa kidole. Agness aliona alichokusudia. Aliona pia kwamba wote watatu walikuwa na woga mmoja na kinywa kimoja, na kinywa hicho kilijua neno moja tu. Akajiuliza kama kulikuwa na mtu yeyote duniani ambaye Arlène hakuwahi kumkimbia, na jibu lilipokuja lilimshtua, kwa sababu lilikuwa ni mtu aliyekuwa akimpa binti yule amri kila siku.

Kapembwa, mwenye mtumbwi, alikuwa wa ukoo wa samaki. Agness alikuwa wa ukoo wa mamba, na Arlène, kama desturi ya pwani ile, alifuata ukoo wa mama. Mamba na samaki ni watani tangu mababu. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako na huna pa kushitaki. Mtani hunyakua kofia yako, samaki wako, sufuria yako, na wewe huwezi kumnyima, unaweza kumtukana tu. Na ukifa, ni mtani anayekuchimbia kaburi. Tangu Arlène ajue kutembea Kapembwa alimwita mtumwa wake. "We mutumwa, leta pagayi." Na Arlène, aliyeshindwa kumletea mama yake hata kijiko, alileta lile kasia akicheka, akimwambia kwamba ukoo wake wote utaliwa jioni. Mwambao mzima ulijua kwamba amri ya mtani haina uzito. Agness hakuwahi kuitafakari, kwa kuwa hakuna anayetafakari mambo ya watani.

"Muniitie Kapembwa," alisema.

Mgonjwa mahututi huitiwa mtani wake kwa sababu moja tu, na Agness alilikumbuka hilo baada ya maneno kumtoka. Mwanamke wa kitanda cha tatu alianza kulia, kile kilio cha msiba, na walio nje wakakipokea. Kitenge cha Arlène kilitikisika.

"Huyo Kapembwa ni nani?" Clotilde aliuliza. Alikuwa mtu wa mjini.

"Ni mwenye atamuzika."

"Unaita wazishi na mimi bado niko kazini?" Lackson alisema, bandeji mkononi.

"Nipe mpaka saa sita," Agness alimjibu. "Saa sita ikifika utamufunga, na mi nitakusaidia." Hakujua alipata wapi ujasiri wa kupanga saa. Clotilde alitoka nje, na baada ya muda vilio vikapungua, ingawa havikwisha.

Waliotumwa walimkuta Kapembwa upande wa pili wa kisiwa akiziba mtumbwi wake. Walimwambia tu kwamba Agness anamwita hemani, na yeye akafanya ambavyo mtu yeyote wa ukoo wake angefanya, akachukua jembe. Alipiga kasia kuzunguka kisiwa kizima juani kwa sababu njia ya nchi kavu ilikuwa imejaa maji. Saa sita kasoro robo aliingia, shati limeloa jasho, jembe ameliacha mlangoni ambapo kila mtu aliliona.

Arlène alifunua uso. Hilo peke yake lilimfanya Agness ashike ukingo wa kitanda. Kapembwa alikuwa na tusi tayari mdomoni, ungeliona kabisa, kisha akaliona lile jicho lililozama, na tusi likamfia. Alichuchumaa. Akasema kwa sauti ambayo hakuna mtu Chisenga aliyewahi kumsikia nayo, "Mwanangu. Kunywa hata kidogo."

Arlène akajifunika tena.

Basi. Mlango wa mwisho, na umefungwa na mwenye ufunguo. Agness aliketi chini kwenye mchanga uliomwagiwa klorini. Hakuwa na mpango mwingine, na ukweli ni kwamba hakuutafuta. Woga aliokuwa akiupa kiti tangu alfajiri huku akiusukuma mlangoni, sasa ulikaa. Ulikaa mzima mzima, na alishangaa kwamba bado anapumua.

"Niko na woga, Kapembwa," alisema. "Inanifika mpaka ku meno. Nimefanya yote, nimemufanyia hata na mabaya. Kumunywesha siwezi. Ile nilikuwa nayo imeisha."

Hakusema hivyo ili asikike chini ya kitenge. Alimwambia Kapembwa kwa kuwa Kapembwa ndiye aliyekuwa mbele yake, mtu mzima mwenye midomo iliyopasuka kwa jua. Na kwa kuwa alikuwa mama, na mbele yake kulikuwa na mtu mwenye kiu, Agness alichota kikombe kutoka kwenye ndoo akampa.

"Kunywa we. Samaki gani huyu anakauka ku jua."

Tusi hilo lilimtoka kwa mazoea ya miaka arobaini. Lackson alipiga hatua. "Bamayo, hayo ni ya wagonjwa."

Clotilde alikuwa mlangoni. Hakuelewa alichokuwa akikiona, alikiri hivyo mwenyewe baadaye, lakini alielewa kwamba mabega ya Agness yameshuka, na hakuyaona yameshuka tangu juzi. Akasimama mbele ya muuguzi. "Muache," alisema. "Saa sita haijafika."

Kapembwa alikunywa mafunda mawili, akakunja uso. Hakuna aliyemwambia kuhusu chumvi. "Mayo," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Ninyi ba mamba munaniita huku munifanye samaki makayabo. Munanitia chumvi mbele ya kuniuza."

Mkono ukatoka chini ya kitenge. Ulikuwa umekunjamana kama wa bibi kizee, na ulikinyakua kikombe kutoka mkononi mwa Kapembwa hata maji yakamwagikia kifua chake.

"Yangu," Arlène alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mutumwa hakunywe mbele ya mamba."

Akanywa.

Agness hakumtazama. Alijua kwamba kutazama nako ni kuomba. Alitazama mpini wa ndoo, na mpini ukamzungukia machoni, na kwa moyo wake wote alitaka kugeuka. Kapembwa machozi yalimjaa, lakini sasa alijua kazi yake.

"Mwizi," alisema. "Nitakupeleka kwa mufalme. Mama yako ni mwizi, bibi yako alikuwa mwizi, kaburi yake nilichimba mi mwenyewe na akaniibia jembe."

Agness akachota tena, akampa Kapembwa. Wakasubiri. Hakuna mkono uliotoka. Kapembwa akanywa chote, kwa sababu kikombe kilikuwa chake kweli na kujifanya kungejulikana mara moja. Cha tatu aliporwa kikiwa nusu. Cha nne Arlène alikitapika, na mama yake akafuta, akachota kingine, hakusema pole. Cha tano mkono ulikuwa umekwisha kukishika pale Lackson, aliyekuwa amesahau saa sita na bandeji zake, aliposhindwa kujizuia.

"Vizuri sana, Arlène. Sasa maliza."

Mkono ukasimama hewani. Kikombe kilianza kushuka taratibu kuelekea mchangani, na Arlène alikuwa anakitazama kama mtu anayemwona mwenzake akizama.

"Amalize nini?" Kapembwa alimgeukia Lackson kwa ukali wa kweli. "Hii ni kikombe yako? Leta hapa." Akakinyang'anya kutoka kwa binti, akakipeleka mdomoni. Vidole vilivyokunjamana vikamfuata, vikakirudisha kwa nguvu iliyowashangaza wote. Lackson akaenda kwa wagonjwa wengine, na hakufungua mdomo upande ule tena siku nzima.

Hivyo ndivyo mchana ule ulivyokwenda. Vikombe vingine viliporwa, vingine havikuporwa, na kila kisichoporwa Kapembwa alikimaliza mwenyewe, tumbo limemjaa kama ngoma, kila baada ya muda akikimbilia nyuma ya hema huku Arlène akimzomea kwa sauti isiyofika hata mlangoni. Agness hakujua kama kinachoingia kinazidi kinachotoka. Kila alipochota alijiambia kwamba huenda kikombe hiki kisichukuliwe, na kila mara ilimbidi akubali upya, maana kukubali kwa saa saba hakukumfaa saa nane.

Mashua ilifika saa kumi. Lackson alikuja na dripu, akachuchumaa karibu na Kapembwa, akamwambia Kapembwa, kana kwamba ni habari za hali ya hewa, kwamba sindano hii hapa na kwamba mkono wowote utafaa. Kisha akageuka akaandika kwenye daftari lake, vitu ambavyo kwa hakika havikuwa na maana. Mkono wa kushoto wa Arlène ukasogea, kidogo kidogo, hadi ukingoni mwa kitanda.

Siku ya tatu walimtoa nje akae juani, mgongo umeegemea gunia. Kapembwa alikuwa amelichukua jembe lake na kwenda nalo nyumbani, akilalamika kwa kila aliyekutana naye kwamba amenyimwa msiba. Agness alikaa kando ya binti yake na kikombe cha chai yenye sukari nyingi, chake mwenyewe. Ziwa lilikuwa limetulia.

"Mama," Arlène alisema, akitazama maji. "Ile siku nilikuwa nataka. Tangu asubuhi. Kiu ilikuwa inaniua."

Agness alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mukono ilikatala. Mi niliituma, ilikatala. Mulivyokuwa munasema kunywa, njo ilikatala zaidi."

Miezi minne ya masomo ya Clotilde, na bado Agness alikuwa amebaki na imani moja ndogo moyoni, kwamba mahali fulani ndani ya mtoto wake kuna kufuli na mtoto mwenyewe ndiye anayeficha ufunguo. Sasa aliona walikuwa wamefungiwa nje wote wawili, mlango mmoja, miaka yote, na yeye akampiga mwenzake kwa kosa la kutofungua. Alikumbuka kandambili. Maneno mengi yalimjia, nisamehe, mbona hukuniambia, na kila moja lilikuwa linataka kujibiwa. Akayaacha yakae hapo yalipokaa.

"Nimesikia," alisema.

Akanywa chai kidogo, akakiegesha kikombe gotini, akatazama ziwa. Baada ya muda Arlène alinyoosha mkono akakichukua. Mamba hana utani na mamba mwenzake, hakukuwa na desturi yoyote ya kumpa haki hiyo. Alikunywa taratibu mpaka chini, akamrudishia mama yake kikombe kikiwa na sukari iliyobaki.